Luria na Njia ya Pili ya Kulifikia Neno

Anayetoka mjini Voi kwenda Sagalla huiacha nyuma barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pamoja na kelele zake, akapita katika tambarare kavu ambayo ndovu wa Tsavo huivuka watakapo, kisha akaanza kuukwea mlima. Huko juu ndiko anakoishi mjomba wangu. Alifundisha katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na hata baada ya kustaafu hakuna amwitaye kwa jina lake. Kwa wadogo na wakubwa yeye ni Mwalimu. Miaka michache iliyopita aliamka alfajiri, mkono na mguu wa kulia umekufa ganzi, na alipotaka kumwita mkewe hakutoka neno. Alikuwa amepatwa na kiharusi.

Nilipokwenda kumjulia hali alikuwa amekwisha kutoka hospitalini. Mguu ulikuwa umeanza kutii. Ulimi ulikuwa bado. Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaeleza wanafunzi jinsi lugha ilivyoundwa. Basi nikaketi mbele ya mjomba na daftari langu, nikamwonyesha kikombe, nikamwuliza ni nini. Akakitazama, akanitazama, jasho likamtoka. Nikaandika. Nikamwonyesha ufunguo. Nikaandika tena. Nilikuwa nimechukua pia karatasi za picha zilizotayarishwa ng'ambo kwa wagonjwa wa huko, zenye matunda ambayo mjomba hajapata kuyala na nguo ambazo hajapata kuzivaa. Kwa siku tatu nilijaza kurasa 11 za makosa yake. Nilipokuwa nikiteremka mlima kurudi chuoni ndipo iliponijia kwamba katika siku hizo zote sikumsaidia kusema hata neno moja.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu vya Alexander Luria, mtaalamu wa Kirusi ambaye nilimsoma ujanani kwa ajili ya mtihani tu. Walimu wengi waliopitia vyuo vya ualimu wanalijua jina la Lev Vygotsky. Jina la Luria, rafiki yake na mwenziwe katika kazi, hutajwa kwa mkato na kupitwa. Naomba ruhusa ya msomaji nimsimulie leo kwa urefu kidogo.

Luria alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Kazan, kando ya mto Volga, katika familia ya Kiyahudi ya watu wa tiba. Baba yake alikuwa daktari wa maradhi ya tumbo, na mama yake daktari wa meno. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalimkuta angali kijana wa miaka 15. Mambo ya kale yalipinduliwa, milango ya vyuo ikafunguliwa, naye akaingia Chuo Kikuu cha Kazan na kuhitimu katika sayansi ya jamii mwaka 1921, kabla hajatimiza miaka 20. Hakuwa kijana wa kungoja. Aliunda chama kidogo cha kujadili nadharia za Sigmund Freud, akamwandikia mzee huyo barua hadi Vienna, naye Freud akamjibu. Baba mtu alitamani mwanawe awe daktari. Mwana akapenda zaidi saikolojia, na mwaka 1923 akahamia Moscow kuitafuta.

Mwanzoni mwa mwaka 1924, katika mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika katika mji ambao leo unaitwa tena Saint Petersburg, alisimama kuhutubu mtu asiyejulikana, mwalimu kutoka mji wa mkoani wa Gomel. Huyo ndiye Vygotsky. Luria alisisimkwa mno na alichokisikia, akafanya juhudi mwalimu huyo aletwe Moscow, na tangu hapo, ingawa alikuwa ametangulia katika taasisi ile, alijihesabu kuwa mwanafunzi wake. Sijui wasomi wangapi wa leo wangekubali jambo kama hilo.

Fikra waliyoishughulikia pamoja yaweza kuelezwa kwa ufupi, ingawa uzito wake si mdogo. Walishikilia kwamba uwezo wa juu wa akili, yaani kukumbuka kwa makusudi, kufikiri kwa maneno, kuhesabu na kupanga, haukai ndani ya fuvu tangu kuzaliwa ukingoja kukua kama meno. Hutoka nje. Huanza kati ya watu wawili, mama na mtoto au mwalimu na mwanafunzi, kwa msaada wa lugha na alama, kisha mtoto huuchukua na kuufanya wake. Mwalimu yeyote aliyemwona mtoto akihesabu vidole kwa sauti, na mwaka wa pili akihesabu kimoyomoyo, amekwisha kuiona nadharia hiyo kwa macho.

Waliijaribu kwa wagonjwa mapema. Kulikuwa na mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa viungo, ambaye hakuweza kutembea juu ya sakafu iliyo sawa, lakini alipanda ngazi bila taabu kubwa. Watu hao wawili walijiuliza kwa nini. Kisha wakatandaza vipande vya karatasi sakafuni, wakamtaka mgonjwa avuke kipande kimoja baada ya kingine. Akatembea chumbani kote. Ugonjwa haukuwa umepona hata chembe. Mwendo ambao ubongo ulikuwa umeshindwa kuuanzisha wenyewe ulikuwa umepewa mwanzo mwingine kutoka nje.

Miaka ya 1931 na 1932 Luria aliongoza misafara kwenda Uzbekistan kuchunguza jinsi wakulima wasiojua kusoma, na wenzao walioanza kusomeshwa, walivyofikiri. Aliona kwamba hata masomo ya muda mfupi hubadilisha namna mtu anavyopanga vitu na kujibu maswali ya mantiki. Serikali haikupendezwa na utafiti huo. Ulionekana kuwatukana watu wa makabila madogo, na matokeo yake kamili hayakuchapishwa hadi mwaka 1974. Kwa maoni yangu wakosoaji hawakukosa hoja kabisa. Mtu asiyetaka kulijibu swali la mgeni kuhusu mambo ambayo hajapata kuyaona si lazima awe hajui kufikiri. Wazee wa Sagalla wangemjibu vivyo hivyo.

Vygotsky alifariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 37. Hewa ya kisiasa ilikuwa nzito, na saikolojia ilikuwa kazi ya hatari. Luria, ambaye tayari alikuwa na sifa nje ya nchi yake, akafanya jambo ambalo baba yake alikuwa amelitamani miaka yote: alirudi darasani kama mwanafunzi wa udaktari, akakaa na vijana, akafanya mitihani, akahitimu mwaka 1937. Kisha akaingia katika taasisi ya upasuaji wa ubongo ya Burdenko mjini Moscow na kuanza kujifunza kando ya vitanda vya wagonjwa.

Huenda angebaki daktari mwenye elimu nyingi na jina dogo lau si vita. Ujerumani ilipoivamia nchi yake mwaka 1941, Luria alitumwa kusini mwa milima ya Ural, mahali paitwapo Kisegach, kuigeuza nyumba ya mapumziko iwe hospitali ya askari waliojeruhiwa ubongo. Hospitali ilikuwa na vitanda 400. Vifaa vilikuwa haba, na kazi mbili zilimkabili: kutambua ni sehemu gani ya ubongo iliyoharibika, na kutafuta njia ya kumrudishia mtu uwezo alioupoteza. Ya pili ndiyo iliyomfanya Luria tunayemjua.

Hapa yafaa nirudi nyuma kidogo. Tangu mwaka 1861, Paul Broca alipoeleza mjini Paris habari za mgonjwa wake Leborgne, aliyebakiwa na silabi moja tu, tan, kwa kila alichotaka kusema, wataalamu walianza kukigawa kichwa cha binadamu kama shamba la urithi: kipande hiki ni cha kusema, kile cha kusikia, kingine cha kuandika. Kipande kikifa, uwezo umekufa. Wengine walipinga, wakasema ubongo hufanya kazi wote kama kitu kimoja. Luria hakukubaliana na upande wowote. Alisema kwamba kitendo kama kusema au kuandika ni mfumo mzima, ambamo sehemu nyingi za ubongo, zilizo mbalimbali, kila moja hutoa mchango wake. Sehemu moja ikiharibika mfumo wote huyumba, lakini sehemu nyingine zingali hai, na yawezekana kuupanga mfumo upya ili kitendo kilekile kifikiwe kwa njia nyingine. Mvua inapoikata barabara ya gari, watu wa mlimani hupita kwenye kijia cha miguu. Ni kirefu zaidi na kinachosha, ila kinafika.

Kwa hiyo Luria hakutosheka kuandika kwamba mgonjwa ameshindwa. Alitaka kujua ameshindwaje. Wawili waweza kushindwa kuandika neno lilelile: mmoja kwa sababu hatofautishi sauti zinazokaribiana, mwingine kwa sababu mkono umesahau mpangilio wa mwendo. Kosa ni moja katika karatasi, lakini dawa ya huyu haimfai yule. Nilipousoma tena ukurasa huo nikazikumbuka kurasa zangu 11.

Kati ya askari hao alikuwamo kijana aitwaye Zasetsky, mwanafunzi wa uhandisi kabla ya vita, ambaye tarehe 2 Machi 1943, katika mapigano ya eneo la Smolensk, risasi iliingia upande wa kushoto wa nyuma wa kichwa chake. Alipozinduka ulimwengu ulikuwa umevunjika vipande. Nusu ya kulia ya kila kitu haikuonekana. Alijua kwamba amesoma, lakini herufi zilikuwa ngeni. Walipomfundisha kuandika herufi moja moja kama mtoto, alikwama. Ndipo akaambiwa aandike neno zima kwa mfululizo, bila kuinua mkono na bila kuzifikiria herufi, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuumia. Mkono ukaandika. Kwa takriban miaka 25 tangu hapo Zasetsky aliandika habari za maisha yake, siku nyingine mistari michache tu, hadi zikafika kama kurasa 3000, na alichokiandika alikisoma kwa shida kubwa mno. Luria alikitolea kitabu mwaka 1971, akichanganya maandishi ya mgonjwa na maelezo yake mwenyewe.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Zasetsky alielewa neno baba, akaelewa na neno ndugu. Lakini alipoulizwa kama ndugu wa baba na baba wa ndugu ni mtu mmoja au wawili, alipotea. Vivyo hivyo hakuwa na hakika, anapoambiwa kwamba ndovu ni mkubwa kuliko nzi, ni yupi aliye mkubwa. Maneno alikuwa nayo. Uhusiano uliofungwa na sarufi ndio uliomponyoka. Nimejiuliza mara nyingi angefanyaje mgonjwa kama yeye katika lugha yetu, ambayo haimlazimishi mtu kusema ndugu wa baba wala ndugu wa mama, kwa kuwa inayo maneno ami na mjomba, kila moja likiwa limebeba uhusiano wote mgongoni. Na upatanisho wetu wa ngeli, je, ungemsaidia kwa kumrudiarudia ishara, au ungemzidishia mzigo? Ninawaachia swali hili wanafunzi wa uzamili wanaolalamika kwamba mada zimekwisha.

Baada ya vita Luria hakupata raha. Mwaka 1950 na mwaka uliofuata, kampeni ya kulazimisha kila sayansi ya akili ifuate mafundisho ya Pavlov ilimwondoa katika taasisi ya ubongo, pamoja na chuki dhidi ya Wayahudi iliyokuwa ikipanda. Akaenda kufanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, na huko nako akatoa utafiti mzuri, kwa maana alikuwa na tabia hiyo. Alirudi kwa wagonjwa wake mwishoni mwa miaka ya 1950. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno: vitabu kuhusu afasia, yaani upotevu wa lugha kutokana na kuumia kwa ubongo, vitabu kuhusu kumbukumbu, mazungumzo na mwanaisimu Roman Jakobson, ambaye tangu mwaka 1941 alikuwa ameonyesha kwamba afasia ni jambo la isimu pia na si la madaktari peke yao. Luria alifariki Moscow tarehe 14 Agosti 1977 kwa maradhi ya moyo, mwezi mmoja hivi baada ya kutimiza miaka 75.

Si haki kumsifu bila kumpima. Askari wa Kisegach walikuwa vijana wenye majeraha ya risasi. Mzee mwenye kiharusi na shinikizo la damu ni mtu mwingine, na ubongo wake hauna akiba ileile. Aidha Luria alipenda kumwandika mtu mmoja kwa kina kuliko kuwahesabu mia. Hesabu zilikuja baadaye. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 57 yenye washiriki 3002 waliopoteza lugha baada ya kiharusi, wakaona kwamba tiba ya usemi huwasaidia kwa kweli kuwasiliana, kusoma na kuandika. Hapa kwetu maradhi yenyewe si haba. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai kwenye miteremko ya Kilimanjaro na katika jiji la Dar es Salaam, ulionyesha kwamba kiharusi ni tatizo kubwa katika jamii zetu, na katika jiji kubwa zaidi. Ama watu wa kurejesha usemi, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008 tu. Kutoka Sagalla hadi kwa mtaalamu wa namna hiyo ni safari ndefu na nauli nyingi.

Niliporudi kwa mjomba mara ya pili sikuchukua picha za ng'ambo. Shangazi, yaani mkewe, alikuwa amekwisha kuvumbua mengi bila kumsoma Luria. Alikuwa ameona kwamba mumewe, asiyeweza kutaja siku akiulizwa, huzitaja zote saba akianziwa Jumamosi. Sala aliitoa yote, ila ukimkatiza katikati hakujua aendelee wapi. Na maneno yaliyotangulia kumrudia yalikuwa ya Kisaghala, si ya Kiswahili wala ya Kiingereza alichokifundishia. Lugha hiyo, ambayo watu wa mbali huidhania lahaja ya Kidawida ingawa imekaribiana sana na lugha za Wamijikenda, iliandikiwa kitabu kidogo cha sarufi mwaka 1894 na mmishenari J. A. Wray, aliyefika Sagalla mwaka 1883. Mfaransa Ribot angesema lugha ya kwanza hurudi kwanza. Mwenzake Pitres, aliyeandika mwaka 1895, angesema ni ile iliyozoewa zaidi. Utafiti wa siku hizi unaonyesha kwamba mara nyingi lugha zote za mtu hurudi kwa pamoja, na hakuna kanuni moja. Kwa mjomba kilitangulia Kisaghala, basi, na mimi nilikuwa nimemwuliza kikombe kwa Kiswahili sanifu.

Siku hiyo jioni wakapita watoto wa jirani wakitoka shule. Wakasimama mlangoni, wakamwamkia kwa pamoja kwa sauti ile ya darasani. Mjomba, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenijibu lolote ila kwa kichwa, akajinyoosha kitini akawajibu marahaba, akawaambia waketi. Aliyatamka waziwazi. Kisha akashangaa yeye mwenyewe, na shangazi akaketi chini kwa mshtuko. Mlango wa mapenzi yake mwenyewe ulikuwa umefungwa. Mlango wa darasa, alioupita kila asubuhi kwa miaka 30, ulikuwa wazi bado.

Tukaanzia hapo. Watoto waliombwa wapite kila jioni, na shangazi akawa akiwapikia viazi. Mwanzoni mjomba alikuwa na salamu na amri tu: keti, simama, soma. Baadaye akaweza kulitaja neno ambalo mtoto amelianza ubaoni, kisha neno ambalo hakuna aliyelianza. Jambo likishindikana kwa Kiswahili walilitafuta kwa Kisaghala, halafu wakalivusha. Huchukua muda mrefu. Wiki nyingine hurudi nyuma, hasa akilala vibaya au dawa za shinikizo zikichelewa, na mkono wa kulia haukurudi; anaandika kwa wa kushoto. Hotuba hatatoa tena.

Nilikuwa huko mwezi uliopita. Alikuwa amesimama mbele ya ubao mdogo, fimbo chini ya kwapa, akieleza jambo kuhusu mvua. Akasema vitabu mzuri. Msichana wa miaka kama tisa akamsahihisha papo hapo, bila haya, kama walimu wanavyowafunza. Naye akasimama, akalirudia kwa upatanisho wake, akaendelea. Mimi kwa mazoea nilikuwa nimekwisha kutia mkono mfukoni kutafuta daftari. Nikautoa mtupu.